Sahihi Moja kwa Kipaza

Jumamosi ulimpita Kipaza, ukajifanya unasoma ubao wa matangazo. Alikuona.

Wahitimu wa mwaka wenu mlikutana saa nne asubuhi kwenye korido ya ofisi ya msajili, mkingoja ukumbi wa wahitimu ufunguliwe. Kipaza alikuwa kwenye benchi, na umri wake uleule wa miaka ishirini na moja. Aliambiwa akae pale mpaka kamati ya nidhamu imwite, akakaa. Huu mwaka wa ishirini na tisa. Mafundi wa rangi wakija, humwomba anyanyue miguu. Mama yake alimletea nguo safi kila mwezi. Akazeeka, akafariki, akaendelea kuzileta. Siku hizi huuliza neno moja tu: "Bado?"

"Wewe hubadiliki," mwenzenu mmoja, mhandisi, alimwambia, akipapasa kipara chake. "Unapaka nini?"

"Nakaa kivulini. Na hilo tumbo, ulilisomea?"

Mkacheka. Mkakumbushana kunguni wa bweni la tatu, na profesa aliyefundisha amefumba macho. Mkafika kwenye mgomo wa maji. Kumbe kila mmoja wenu alikuwa mstari wa mbele; mstari huo ungefika barabara kuu.

Aliyepanda mezani akahutubia siku ile ni mwenzenu ambaye sasa ni jaji, yule mwenye picha ukutani kati ya wahitimu mashuhuri. Kipaza alimshikia kipaza sauti tu, jina likamganda. Chuo kikamsimamisha aliyekutwa nacho mkononi.

"Mheshimiwa," Kipaza alimwambia, "kamati haiketi bila shahidi wa mwaka wangu. Fomu iko pale dirishani. Sahihi moja tu, nimalizie shahada yangu."

"Dada yangu, kwa nafasi niliyo nayo, unanielewa. Wengine wapo."

"Hao wengine waliniambia nikungoje wewe."

Jaji alimpa pole, akapiga naye picha. Binti wa jaji, anayemzidi Kipaza miaka mitatu, alimwomba asogee mwanga uingie. Akasogea.

Mhandisi aliichukua fomu, akaisoma yote, akasema kalamu yake imekauka. Karani akampa nyingine. Akasema kasahau miwani, nayo ilikuwa usoni. Ukumbi ukafunguliwa, mkaingia.

Dirisha la msajili hufunguliwa saa mbili asubuhi, hufungwa saa tisa. Wewe ni wa mwaka wake, na mkono unao. Acha kusoma. Nenda kasaini.