Kalamu ya Sheria ya Harlan

Verlin Oppegaard alipanda ngazi ya siasa kwa majeneza ya watu. Sisemi hivi kwa chuki, ingawa chuki ninayo, tena ya kutosha. Nimemjua tangu utotoni, kabla hajaanza kuuza mbegu za mahindi hapa mjini Tolvig kwa gari lililofungwa mlango kwa kamba. Hakukosa msiba hata mmoja. Alifika mapema, akavua koti, akaosha vyombo kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na majina ya wajukuu wa marehemu alikuwa nayo yote kichwani. Familia zilizofiwa zikampa kura za bodi ya shule, kisha za seneti ya jimbo, kisha ugavana, mara mbili. Mume wangu Harlan alipokufa, gavana ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele. Nami nikalia begani mwake, mjinga mimi.

Harlan alizama kwenye mahindi. Aliingia ndani ya ghala la chuma kuvunja nafaka iliyoganda, na chini yake mashine ya kusukuma mahindi ilikuwa bado inazunguka, maana malori yalikuwa kwenye foleni na msimamizi hakutaka kuizima. Mahindi yalimvuta kama maji yanavyovuta jani kwenye mfereji. Majirani walikata ukuta wa ghala kwa misumeno ili kumtoa, na walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Mdomo wake ulikuwa umejaa punje.

Miaka miwili nilizunguka jimbo na wajane wenzangu watano. Tulichotaka kilikuwa kidogo hata aibu kukitaja: mtu asiingie ghalani kabla mashine haijazimwa, na asiingie bila mkanda wa usalama wenye kamba na mwenzake mlangoni. Basi. Bunge likapitisha muswada mwezi wa tano, likaupa jina la Harlan, kisha likafunga kikao na wabunge wakarudi mashambani kwao.

Tukaitwa ikulu ya jimbo. Kwetu gavana hatii sahihi kwa kalamu moja. Huandika jina lake vipande vipande, kila kipande na kalamu yake, halafu kalamu hugawiwa waliohangaikia sheria hiyo, wakaziweke ukutani kwenye fremu. Mimi nilipewa ile iliyoandika V. Verlin akanishika mkono mbele ya kamera. "Tabasamu, Ardis," akaninong'oneza. "Harlan anakuona." Nikatabasamu meno yote nje. Wiki hiyohiyo tabasamu langu likaanza kuonyeshwa kwenye televisheni kila jioni baada ya habari, maana Verlin alikuwa anataka kwenda seneti ya Washington, na mimi nilikuwa tangazo lake.

Ijumaa moja nikapiga simu ofisi ya kumbukumbu za sheria. Nilitaka namba ya sheria ili nimpe mchonga mawe aiandike kwenye kaburi. Mwanamke aliyepokea alitafuta, akatafuta tena.

"Mama, hiyo sheria haipo."

"Haipo vipi? Kalamu ninayo hapa jikoni."

"Mlitiliwa sahihi kwenye nakala ya kupigia picha, mama. Huwa wanafanya hivyo, nakala ya sherehe. Kwa kawaida ile halisi inakuwa imeshasainiwa tayari. Hii ya kwenu haijasainiwa."

"Si atasaini?"

"Bunge likishafunga, ana siku kumi na nne. Asipotia sahihi, muswada unakufa wenyewe. Hahitaji hata kusema hapana." Akashusha sauti. "Siku ya mwisho ni Jumapili hii. Ile halisi anatembea nayo, iko kwenye mkoba wa katibu wake. Na sijakwambia mimi."

Nikamuuliza nitaitambuaje ile halisi. Akaniambia: ina sahihi za wakubwa wawili wa bunge, na mhuri wa kubonyezwa, unausikia ukiupapasa kwa kidole.

Nilikaa jikoni hadi kahawa ikapoa. Danganya toto! Alituvika kilemba cha ukoka, wanawake sita wazima, na wenye maghala, wasioitaka sheria hiyo, wakimlipia matangazo yale yale yenye uso wangu. Niliitoa ile kalamu kwenye fremu. Nilitaka kuivunja. Halafu nikakumbuka kwamba Jumapili Verlin alikuwa anakuja kusali kwetu, ili atangaze rasmi safari yake ya Washington mahali alipobatizwa.

Baada ya ibada ukumbi ulijaa. Mayai ya kuoka, keki, kahawa kwenye birika la kanisa, mwandishi wa gazeti la wilaya na kamera yake, na wale wa televisheni wawili. Verlin alikuwa meza ya katikati anatia sahihi muswada wa wakulima wa mbegu, anagawa kalamu, anacheka. Katibu wake, Bwana Prentiss, alisimama nyuma yake na mkoba.

Nikaweka kalamu yangu juu ya sahani yake ya mayai.

"Ardis! Mpenzi wetu," akasema. "Umekula?"

"Nimeshiba, Verlin. Umenilisha uongo wiki mbili nzima. Toa muswada wa Harlan."

Bwana Prentiss akasogea mbele. "Mama, Mheshimiwa ana ratiba ya..."

"Wewe nyamaza, sikusemeshi wewe. Huyu nilimfunga kamba za viatu darasa la kwanza."

Kuna mtu alicheka nyuma. Verlin naye akacheka, lakini shingo yake ilikuwa imeshakuwa nyekundu. "Ardis, wanasheria waliona kasoro kidogo. Mambo ya lugha tu."

"Kasoro gani? Zima mashine, mtu asife. Hapo lugha gani imekushinda?"

"Leo Jumapili. Tuko kanisani. Tuyaache ya siasa."

"Wino wa mbegu haujakauka hapo mezani!" Sauti yangu ilipanda na sikuishusha. "Mbegu zina Jumapili, mume wangu hana? Ulibeba jeneza lake, Verlin. Ulijua uzito wake. Sasa ukae kimya hadi kesho, muswada ufe, halafu useme hukuuua?"

Mzee Gunnar, aliyekata ukuta wa ghala siku ile, akaweka kikombe chini. "Ni kweli hukusaini?" akauliza. Mmoja wa wale wa televisheni akainua kamera begani.

Verlin aliiona kamera. Niliona jinsi alivyoiona. Akasimama, akanikumbatia kama ndugu, akaniambia sikioni huku uso wake ukiangalia watu.

"Nikisaini, utasimama nami kwenye picha. Utatabasamu. Utasema ulikuja kunikumbusha tu, na gavana wako hajakuangusha. La sivyo naondoka sasa hivi, wanasheria watazungumza na waandishi, na kesho hakuna sheria."

Nilitaka kumtemea mate. Naapa, mate yalikuwa mdomoni tayari. Lakini nyuma ya Gunnar alikuwa amekaa Duane, mwanawe, na koti lake la kazi lilikuwa la ghala lile lile lililomuua Harlan. Vuli ikifika ni yeye atakayeshuka kuvunja mahindi.

"Sahihi kwanza," nikamwambia. "Meno baadaye."

Bwana Prentiss akafungua mkoba. Karatasi ikatoka. Verlin akainyoosha mezani, lakini kabla hajaandika nikaweka kiganja changu juu yake. Nikasoma jina la Harlan. Nikasoma sahihi mbili. Nikapapasa pembeni kwa kidole gumba hadi nikausikia mhuri.

"Sasa andika. Jina lote, kwa kalamu hii moja."

Akaandika. Niliangalia kila herufi mpaka ya mwisho. Kisha akainua kalamu juu, akanikabidhi tena mbele ya kamera kama zawadi mpya, na mkono wake mwingine ukanikalia kiunoni.

Nikatabasamu. Nikasema, "Nilikuja kumkumbusha tu. Gavana wetu hajatuangusha."

Watu wakapiga makofi. Gunnar hakupiga.

Mwezi wa kumi na moja Verlin alishinda, na picha ile ilimsaidia sana. Wanasema ameitundika ofisini kwake Washington, na wanaotoka huko huniambia nimetoka vizuri. Kwenye jiwe la Harlan namba ya sheria ipo. Duane alinisimamisha dukani siku za mavuno, akaniambia alishuka ghalani na mkanda, mashine imezimwa, msimamizi akinuna kando. "Mkanda unabana, mama," akalalamika.

"Ubane," nikamwambia.

Mara ya kwanza nilimtabasamia Verlin kwa sababu nilimwamini. Mara ya pili nilikuwa najua ni mwongo. Hadi leo nikipiga mswaki asubuhi siangalii kioo.