Taa ya Kijani

"Miguu miwili kwa mpigo!" fundi alimwimbia mdogo wake, dereva wa gari la umeme, kabla ya kila mashindano. Taa ya juu ya gari ikiwa nyekundu, bodi ina umeme: ruka, wala usiiguse ukiwa umekanyaga chini. Ikiwa kijani, shuka kama unatoka sebuleni. Dereva alicheka tu. "Dada, taa yako naiamini kuliko ninavyomwamini mama." Na kweli, kila mbio zikiisha aliitazama, akavua glavu, akalipiga gari kofi la shukrani kwa mkono mtupu.

Wiki moja fundi alifunga kapasita, vihifadhi vya umeme, nyuma ya kiti. Betri hutoa umeme kwa mwendo wake; kapasita huumwaga wote mara moja, na gari likitoka kwenye kona huchomoka. Alizifunga harakaharaka, akajisifu mpaka akachosha watu.

Siku ya mbio, mzunguko wa kumi na moja, gari liliteleza kwenye kona yenye maji, likajibamiza ukutani. Betri ikajizima, taa ikawaka kijani. Hapo ndipo akili ilipomrudia fundi: taa aliiunga na betri tu, si na kapasita. Kapasita zilikuwa zimejaa pomoni. Waya wake mmoja ulikuwa umekatika na kulala majini, na wa pili, alijua, umebanwa kwenye bodi: anayekanyaga maji na kugusa bodi, umeme wote unampitia.

Alitimua mbio. "Usishuke! Usishuke!" Sauti ilimezwa na ngurumo za matairi. Redio aliisahau mezani, mjinga yeye. Mdogo wake alikuwa ameshafungua mkanda, ameitazama taa, ameinua mguu mmoja.

Fundi alisimama katikati ya njia, mwanamke wa kilo tisini, akaanza kuruka kichura. Jukwaani watu waliangua kicheko. Ruka, mdogo wangu, ruka, nakuomba.

Dereva alimwona. Akaurudisha mguu, akapanda ukingoni mwa kiti, akaruka. Alitua mbali, mzima.

Fundi aliketi chini. Alilia palepale, kamasi zikimtoka, akimshukuru Mungu. Alipofuta macho, mdogo wake alikuwa amerudi hadi kwenye maji, anavua glavu.

Fundi aliinuka akaruka tena, akipunga mikono yote miwili, akipiga mayowe. Watu walizidi kucheka. Mdogo wake naye alicheka, akampungia mkono, na kwa mkono wa pili akalipiga gari kofi.