Paka wa Mama

Ufagio ulikuwa ungali mkononi mwangu, paka amejibanza chini ya meza, nilipomwona mama akifunga nguo zake kwenye leso.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani."

Nyumbani, Murang'a, hapakuwa na mtu. Tulikuwa tumemzika baba mwezi wa nne, mwaka wa themanini na mbili, nikamleta mama kwangu Umoja, Nairobi, naye akaja na paka wake kapuni. Tangu hapo alikaa tu, mikono mapajani.

Mimi nilikuwa nikisimama kwenye mashine kiwandani kutwa, miguu ikivimba. Kila jioni nilikuta kochi limechanwa upya, sponji imetoka nje. Siku hiyo nilimpiga paka kwa uchovu wangu wote, mama akitazama.

Khadro, jirani tuliyepakana naye ukuta, alisikia kelele akaingia. Alimshika mama mkono, akamkalisha, kisha akanigeukia.

"Teresiah, unampigia nini? Paka lazima akwaruze. Ananyoosha mgongo, anabambua kucha kuukuu, anaacha harufu yake ajue hapa ni kwake. Huyu ametolewa mbali. Ukimpiga atakuogopa wewe, kochi hataliacha."

"Sasa nifanyeje?"

"Mpe chake. Tafuta gogo, lizungushie kamba ya katani, uliweke palepale anapokwaruza. Usilifiche nyuma ya nyumba. Akilitumia, msifu."

Gogo nilipewa na seremala. Katani nilileta kutoka sokoni, lakini kusokota sikuwahi kujifunza, kwa hiyo niliiacha mezani nikaenda kazini.

Paka alichukua wiki tatu kulisahau kochi, na tulilifunika kwa blanketi zito hadi mwisho. Lakini ninayoikumbuka ni jioni ile ya kwanza. Nilifungua mlango nikamkuta mama ameketi sakafuni, anasokota katani pajani, upesi upesi, kama alivyofanya zamani akisuka vyondo, vile vikapu vya katani. Nusu ya gogo ilikuwa imeshavikwa kamba. Paka alikuwa akilinusa.

Nilijibwaga kando yake, viatu mguuni. Nilitaka kumwomba msamaha, ila hata ulimi ulikuwa umechoka.

Mama alikata uzi kwa meno. Aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

"Teresiah, umekula?"

Nilitikisa kichwa. Akajishikilia ukutani, akainuka, akaenda kuwasha jiko.