Vitufe vya Wuilker

Wote watatu walipokwisha kuondoka, Yurimar alibaki Maracaibo na bibi yake, Alcira, pamoja na kompyuta ambayo hakuna aliyeigombania tena.

Zamani kuipata ilikuwa vita, na mara nyingi mshindi alikuwa yeye. Kaka yake mkubwa, Edixon, alitumia kompyuta aliyoazima kazini. Binamu yao Neirelis alikuja na yake kwapani. Wuilker, kitindamimba wa nyumba, alikaa sakafuni na ile mbovu yenye kioo kilichopasuka. Wanne sebule moja, feni moja, kelele za soko zima. Bibi Alcira alikuwa akipita na sahani ya mandoka za moto, yale maandazi ya ndizi, na jibini, akiuliza leo nani kamuua nani.

Katika mchezo wao wa mtandaoni walikuwa kikosi kimoja. Yurimar alibeba ngao na kutangulia. Edixon alipiga mishale, Neirelis alirusha barafu, na Wuilker alikuwa mganga: kazi yake kuwaponya wenzake kabla hawajafa, ingawa mara nyingi dawa yake iliwakuta wameshalala chali. Kulikuwa na lango moja mlimani ambalo hawakuwahi kulifungua. Lilitaka watu wanne wasimame juu ya mawe manne kwa pamoja, huku majitu yakiwashambulia. Kila waliposhindwa walisema, "Kesho." Kesho ikawa Edixon yuko Santiago, Neirelis kamfuata mumewe Medellín, na Wuilker kapanda basi la Lima amevaa jaketi zito, na jasho linamtiririka kabla basi halijaondoka.

Mwezi wa kwanza Yurimar aliingia mchezoni peke yake. Alizungukazunguka na ngao yake kama mtu aliyebeba mwavuli siku ya jua. Mwisho akawaandikia wote, akawaomba maneno yao ya siri.

"Chukua, dada," Edixon alimjibu kwa sauti kwenye simu. "Huyo mpiga mishale wangu ameshaota ukungu."

Wuilker yeye alicheka kwanza. "Unataka kutuendesha wote peke yako? Kwani lini ulikuwa hutuendeshi, wewe?"

Mchezo wenyewe haukukataza mtu mmoja kuwa na wahusika wengi, mradi kila wanachofanya kitoke kwenye kidole chake. Yurimar alifungua madirisha manne kwenye skrini moja, akaweka programu ndogo ya kupeleka kila kitufe anachobonyeza kwenye madirisha yote. Akabonyeza kitufe cha kwenda mbele.

Wakaenda kweli, ila kila mmoja alikuwa ametazama kwake. Yeye aligonga ukuta. Edixon aliingia mtoni. Neirelis alitembea kwa madaha hadi ukingo wa daraja, akapitiliza.

"Bikira Chinita wangu!" Yurimar akapiga kelele.

"Nani kafa?" Bibi Alcira akauliza kutoka jikoni.

"Neirelis, bibi."

"Ah, huyo kazi yake kufa."

Mapigano nayo yalikuwa kichekesho. Kitufe cha namba moja kwake kilikuwa pigo la ngao, kwa Edixon mshale, kwa Wuilker dawa. Akikibonyeza, yeye anapiga jitu, Edixon anamchoma mbuzi wa watu aliyekuwa akijilia majani, na Wuilker kwa upole mkubwa analiponya jitu lile lile.

Basi akaanza upya, taratibu, kila umeme ulipokuwapo. Kitufe kimoja akakifanya cha kuwaambia "nifuateni", ili wote waandame mgongo wake hata kama kila mmoja ametazama upande wake. Kingine akakifanya cha "mpigeni ninayempiga mimi", na mbuzi wakapona. Mganga alimtenga na wenzake: dawa zake akazihamishia kwenye vitufe vya pembeni ambavyo madirisha mengine hayakuvisikia, na kila dawa akailenga kwa mtu wake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Cha Yurimar kilitakiwa kuvunja majitu, nacho kikajifunza.

Siku vitufe vyote vilipokubali, saa za mchana, aliwapeleka mlimani. Waliandamana naye vizuri mno. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyesimama kuokota maua, hakuna aliyesema ana njaa. Mbele ya lango, kwa mazoea ya miaka yote, akaandika: "Mko tayari?"

Alikuwa amesahau kuizima ile programu. Wote wanne wakasema kwa pamoja: "Mko tayari?"

Maneno yale yalibaki juu ya vichwa vyao kwa muda, kisha yakafutika. Yurimar aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Feni ilikuwa ikizunguka. Alikuwa amewapata wote, na sebule ilikuwa tupu kuliko jana.

Hata hivyo akaingia vitani. Majitu yalipotoka, mambo yalikwenda sawa, hadi ghafla dirisha la mganga likawa jeusi: akaunti hii imefunguliwa mahali pengine.

"Mwizi! Kaniibia mganga!"

Kwenye skrini mganga akatokea tena kando ya Edixon. Yurimar akabonyeza "nifuateni". Wawili walimfuata. Mganga hakufuata. Aliruka juu, akajizungusha, akaruka tena.

Yurimar akamjua kabla hajaandika neno.

"We dada," maneno yakatokea, "dawa yangu umeiweka kitufe gani hiki? Hata mikono mitatu haifiki!"

"Wuilker! Uko wapi?"

"Duka la intaneti, karibu na kazini. Mapumziko ya mchana. Nimponye nani kwanza?"

"Mimi! Mimi, mjinga wewe, nakufa!"

Alikufa. Dawa ilifika imechelewa, kama kawaida yake, na Yurimar akacheka hadi machozi yakamtoka, na hayakukoma hata kicheko kilipokwisha. Wakarudia. Safari hii aliwaweka watatu wake juu ya mawe yao, mmoja mmoja, na Wuilker, baada ya kulizunguka jiwe lake kama kuku anayetafuta pa kutagia, akapanda. Lango likafunguka. Ng'ambo yake kulikuwa na bonde jeupe la theluji.

"Tuingie?" Yurimar akaandika.

"Bosi ananiita. Ingia wewe, utanihadithia."

"Nitakungoja."

"Usinin—"

Mganga akatoweka katikati ya neno. Yurimar alikuwa na neno lake la siri. Angeweza kumrudisha na kumtia bondeni kwa kidole kimoja. Badala yake alifungua orodha ya vitufe, akafuta vyote vya mganga, kimoja baada ya kingine, na dawa zake akazirudisha mahali pa zamani, ambapo mkono wa Wuilker ungezikuta.

Bibi Alcira alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni begani.

"Nimesikia unataja jina lake. Alikuwa ni yeye?"

"Ni yeye, bibi."

"Amekula?"

"Sikumuuliza."

"Muda wote huo!" Bibi Alcira akavuta kiti, akaketi, akaitazama skrini walipokuwa wamesimama watatu na jiwe moja tupu. "Muda wote huo, na hukumuuliza mtoto kama amekula."