Upepo kwenye Breki

Fuso yangu ilikosa breki kwenye mteremko wa Ihanda, ikaingia kwenye migomba ya Mzee Nsanzimana na kulaza safu nzima. Hakuumia mtu. Ila mzee alinitangaza kijijini kote: "Jamaa ana diploma ya kilimo. Ndiyo maana gari lake likikosa breki linakimbilia shambani!"

Nilicheka na mimi, maana ilichekesha. Lakini msimu wa kahawa ulishaanza, na hakuna aliyetaka tena kunipakizia hata gunia moja.

Fundi wa Kayanga akataka gari livutwe mpaka gereji kwake. Nikakataa. Ulikuwa umepasuka mpira wa breki wa tairi la nyuma tu. Nikanunua mpya, nikafunga mwenyewe nyumbani, nikajaza mafuta ya breki. Kukanyaga pedeli, ikazama mpaka chini kama ndizi mbivu. Upepo ulikuwa umebaki ndani. Nikaegesha jiwe juu ya pedeli, nikaingia uvunguni kuutoa. Wapi!

Mke wangu Costansia alikuwa anamenya ndizi pembeni.

"Baba Benitha, na hilo jiwe lina diploma?"

"Waitu, jamani, panda wewe basi!"

Akakaza kitenge, akapanda.

"Kanyaga! Kanyaga tena! Shikilia!"

Nalegeza nati, upepo unatoka na povu, nakaza.

"Achia!"

Tukarudia, tukarudia, mpaka mafuta yakatoka bila povu.

"Imegoma kushuka!" akapaza sauti. "Imekuwa ngumu kama kichwa chako!"

Tukaijaribu uani, taratibu. Ikashika.

Mzee Nsanzimana akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa tambarare hata toroli linasimama. Nataka kuona kule mteremkoni."

Akatangulia, akasimama kando ya migomba yake iliyobaki, mikono nyuma. Costansia alishakaa kiti cha mbele.

"Mama Benitha, shuka kwanza."

"Breki nimekanyaga mimi, niogope nini? Twende!"

Tukateremka. Nikakanyaga. Fuso ikatulia tuli, migomba ikiwa bado mbali.

Mzee akaja akagonga bodi.

"Mbona umesimama huku? Kahawa yangu niibebe kichwani mpaka hapa?" Akachungulia tairi la nyuma. "Hivi, nani kaitengeneza?"

Nikatanua kifua nijibu. Costansia alishatoa kichwa dirishani.

"Mimi, mzee. Na fundi wangu huyu hapa."

Nikasogeza gari mpaka mlangoni kwa mzee, polepole, ili majirani wote watuone.