Mchinjaji Wetu

Alhamisi, Agosti 1964, asubuhi. Kitambaa chekundu kilichofungiwa dawa kilikuwa kimening'inia kwenye mnazi wa kwanza kati ya minazi mitano ya baba, hapa Bongwe. Kwetu maana yake ni moja: minazi yote ya safu hiyo ina mwenyewe, na atakayeipanda atadhurika. Aliyekitundika ndiye pekee awezaye kukitoa.

Alikitundika Mzee Zahoro, jirani yetu, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Tanga baada ya miaka mingi. Harusi yangu ilikuwa Jumamosi. Nazi za wali tulikuwa tumeziacha juu ya minazi hiyo kwa makusudi. Majirani wengine walikuwa wameshaangua zao na kuziuza.

Baba, Kaingu, alimwendea siku hiyo hiyo. Nilikuwa nikiteka maji kando ya ua wa mzee, kwa hiyo nilisikia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kwa ajili ya minazi.”

“Mzee, barabara mpya ilipokatwa, njia ilihamishwa. Minazi yako iko ng'ambo ya barabara.”

“Minazi ya kwanza kutoka njiani ni ya baba yangu. Utanifundisha mali ya baba yangu, wewe uliyekuja juzi kutoka Kaloleni?”

Baba alizaliwa Bongwe. Hakulisema hilo.

“Basi, mzee, nimesikia. Kuna jambo la pili. Jumamosi namwoza Kache. Naomba uje utuchinjie mbuzi, kama zamani.”

“Bado wataka nikuchinjie mimi?”

“Nusu ya wageni ni Waislamu, nao lazima wale. Na hata wasingekuwapo, mchinjaji wetu ni wewe.”

“Nitatazama,” alisema mzee.

Nyumbani mjomba Chengo, kaka yake mama, alikuwa ameshajifunga kamba ya kukwea.

“Shemeji, wewe Mkristo. Dawa ile huiogopi, hata mimi siiogopi. Nipande?”

“Usipande.”

“Kila Jumapili mnafundishwa upole kanisani. Haya, upole huo utie chunguni tule.”

“Ukipanda ukashuka mzima, watamcheka mzee hadi Ukunda,” alisema baba. “Bwana wangu hakuniita nimwaibishe mtu mzima.”

“Na wageni wakila wali mkavu, atakayechekwa ni nani?”

“Mimi.”

Mama aliuliza kama shauri lipelekwe kwa chifu. Baba alisema harusi kwanza. Mimi nilimwambia wazi kwamba ananifedhehesha mbele ya wakwe. Nashukuru kwamba hakunisikiliza.

Jumamosi alfajiri Mzee Zahoro alifika na kisu chake. Akamlaza mbuzi akielekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Baba alimpa maji ya kunawa, akamwekea kiti. Mzee alitazama jikoni, mama alikoinjika sufuria.

“Jumwa, mbona sioni mbuzi ya kukunia nazi?”

Mama alimtazama baba.

“Leo tunapika bila nazi, mzee,” baba alisema. “Nyama ipo, yatosha.”

Mzee alikaa kidogo, akainuka, akatoka na kile kisu. Tulimfuata kwa macho hadi minazini. Alipiga goti kwenye mnazi wa kwanza, akakwangua ukungu shinani. Alama ya ukoo wake, inayokatwa shinani kuonyesha mwenye mnazi, ni mikato mitatu. Ya babu yangu ni miwili. Akakwangua na mnazi wa pili, na wa tatu. Kisha akasimama akitazama barabara kwa muda mrefu. Alichofikiri sikijui.

Alikifungua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, akakitia mfukoni.

“Kaingu,” aliita, “mikato ni miwili.”

“Ndiyo, mzee.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

“Na mbuzi ukaniletea mimi.” Akamgeukia mjomba. “Wewe mwenye kamba, wangoja nini? Au waogopa?”

“Naogopa kuchelewa tu, mzee,” alijibu Chengo, akapanda.

Tulitoka kanisani adhuhuri. Wali ulipakuliwa, wa nazi, mweupe. Mzee Zahoro aliketi mkekani karibu na baba, wakala sinia moja. Sinia ilipokwisha, aliomba iongezwe.