Sekunde Ishirini za Sauti

...na nani alimwambia amnyoe, hilo ndilo Kaari alitaka kujua, maana jana alipofika kwa mama mkwe Kiirua kutoka Embu, mkoba bado begani, alimkuta binti yake wa miezi minane kichwa kinang'aa kama yai, na mama mkwe akasema tu, “Joto, mama, nywele zilikuwa zinamwasha,” joto gani la Kiirua mwezi wa saba, watu wanatoa moshi mdomoni, na leo katika chumba hiki cha zahanati mjini Meru yule fundi wa mtambo, Ismael, alipokivisha kichwa hicho kofia ya kitambaa yenye vitaa vidogo na nyaya alifurahi mno, “Shosho umetusaidia, nywele humeza mwanga, hapa utapita bila shida,” na mama mkwe, shosho, bibi wa mtoto, akacheka kama mtu aliyepewa zawadi, kwa hiyo alijua, au ilitokea tu, hapana, kwa mama mkwe hakuna kitu kinachotokea tu... sekunde ya kumi na sita, ya kumi na saba, Kaari alikuwa anahesabu, mtoto mapajani ametazama mbele kwenye spika ndogo, hedifoni masikioni mwa Kaari mwenyewe zikipiga gitaa lisilokwenda popote, kwa kuwa mama hatakiwi kusikia, “Ukisikia utashtuka, madam, ukishtuka mtoto atahisi,” Ismael alikuwa amemweleza, spika itatoa sauti ya mama sekunde ishirini, kimya, sauti ya shosho sekunde ishirini, kimya, kwa mpangilio unaojulikana na kompyuta peke yake, na mwanga usioonekana kwa macho unapenya ngozi na mfupa na kurudi, mahali ubongo unapofanya kazi damu yenye hewa safi hukimbilia hapo, mwanga unaorudi hubadilika, mstari mwekundu hupanda kwenye skrini, basi, hakuna sindano, hakuna maumivu, Kaari akauliza unaingia kina gani, sentimita moja na nusu hivi, akauliza na damu ya ngozi ya kichwa mnaitenganishaje, Ismael akaacha kufunga mkanda wa kofia, “Wewe ni daktari?” “Mwalimu wa kemia.” “Ndiyo maana,” alisema, ndiyo maana nini, angemuuliza, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeyataka haya, hana wa kumlaumu, alimwambia mumewe kwa simu, Mwirigi, kama kichwa cha mtoto kinanijua, Jumapili ninaondoka naye, nyumba ya Embu ina nafasi, Wambeti jirani amekubali kumshika saa za shule, na kama hakinijui nitanyamaza, abaki kwa mama yako mpaka aanze nasari, na Mwirigi akacheka, “Sasa mtoto unampeleka kortini?” mwache acheke, yeye hapokonywi kitu, mtoto amepewa jina la mama yake Mwirigi, Igoki na Igoki, na kila mgeni akiingia Kiirua shosho humwinua mtoto juu na kusema, “Huyu ni mimi,” hasemi mjukuu wangu, anasema mimi, na wageni wanapiga makofi, na Kaari yuko jikoni anaosha vikombe vyao...

Mstari ulipanda. Aliona ukingo wa skrini tu, lakini aliuona, mwekundu, ukipanda taratibu kama mtu anayejua njia, na pale kwenye benchi mlangoni shosho, ambaye hakuvishwa hedifoni, ameziba mdomo kwa ncha ya leso, mabega yanatikisika, anacheka nini, amepanga nini na huyu fundi, walisalimiana kwa muda mrefu mno pale nje... ngoja, watu hucheka wakisikia sauti yao wenyewe imenaswa, basi hiyo ni yake, shosho anajicheka, na mstari uko juu... kimya, Kaari akahesabu, kisha shosho akatulia, macho darini, mikono imekunjwa, kama anavyosikiliza matangazo kanisani, na mstari ukalala, haukutikisika, hiyo ni mimi, Kaari alijiambia, hiyo ni mimi, na mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, leso mdomoni mstari juu, adabu ya kanisani mstari chini, lakini kwa nini adabu, kwa nini anisikilize mimi kama matangazo, na hapo akaikumbuka karatasi, aliambiwa ajirekodi akiongea na mtoto kama wanavyoongea nyumbani, naye akaandika kwanza, akafuta, akaandika tena, akajifungia stoo ya maabara katikati ya chupa za asidi, akasoma, “Hujambo, Igoki. Mimi ni mama yako. Leo ni siku njema, tutacheza na tutafurahi,” kila neno mahali pake, akairudia mpaka ikatimia sekunde ishirini kamili, kwa sababu kinachorekodiwa ni kitu cha ofisi, na nani huzungumza Kimeru kwenye kitu cha ofisi, nani isipokuwa shosho, aliyeshika simu ya Ismael kama anashika kikombe cha uji akaanza kumtania mtoto kwa Kimeru, tumbo hilo nani alikupa, rudisha tumbo la watu, mpaka Ismael akamkatiza, shosho muda umeisha... basi jaribio halifai, halikupima mama na bibi, limepima mwalimu na mtu, ainue mkono, aseme lirudiwe, mwanafunzi wake angemletea kazi kama hii angeirudisha na wino mwekundu, na mkono ukaanza kuinuka kweli, kisha ukarudi gotini, kwa sababu Ismael angeuliza, kwa hiyo nyumbani huongea naye vipi, na Kaari akatafuta, akatafuta kwa haki, Jumamosi zote, simu zote za jioni, shosho akimwekea mtoto simu sikioni, Hujambo, Igoki, umekula, umelala vizuri, kama anayeita majina darasani, akiogopa kukosea mbele ya mama mkwe anayesikiliza, na hakupata nyingine, stoo ya maabara haikumharibia kitu, hiyo ndiyo sauti aliyompa mtoto, hakuna aliyeiiba... Ismael akasogeza kiti, mgongo wake ukamziba shosho, sasa hakuna uso wa kusoma, sekunde ya kwanza, ya pili, sauti fulani inatoka huko nje ya gitaa, na Igoki akageuka, si kwa spika, alirudisha kichwa nyuma mpaka kofia ikamgonga mama yake kifuani, akamtazama juu chini, mdomo wazi, mate kidevuni, macho yakitembea usoni mwake kana kwamba yanatafuta kitu pale, ameisikia sauti ya nani, ya shosho, yangu, mstari ukaruka ovyo ukatoka nje ya skrini, na Ismael, bila kuinua uso, akachukua kalamu akapiga X kwenye karatasi, mtoto akisogea rekodi hutupwa, akaashiria kwa kidole, mweke sawa, atazame mbele, na Kaari akamweka sawa, akanyoosha nyaya, akaanza upya, moja, mbili, tatu, yeye ambaye tangu darasa la kwanza hakuwahi kuomba kosa litokee, akiomba mtoto ageuke tena.